Swali Pembeni mwa Kifungu cha Kumi na Mbili

Sheria zote za nchi, kabla hazijamfikia hakimu wala polisi wala mwizi, zilipita kwanza mdomoni mwa mwanamke mmoja mfupi aliyependa viatu vya raba na chai ya rangi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha serikali, chumba cha kusomea prufu, ghorofa ya kwanza, juu kabisa ya mashine ya kukatia karatasi, ambayo kila ilipokata iliitikisa sakafu na vikombe vikagongana. Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote walimwita Bi Nukta.

Jina hilo lilitokana na kazi. Kusoma prufu ya sheria ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika nakala halisi iliyotoka kwa wanasheria wa serikali, anaisoma kwa sauti. Mwenzake anashika prufu, yaani karatasi ya majaribio iliyotoka mashineni, anafuata kwa macho, kalamu nyekundu mkononi. Na yule anayesoma hasomi maneno peke yake. Anasoma mpaka vialama. "Herufi kubwa, Waziri mkato baada ya kushauriana na Bodi mkato anaweza kutunga kanuni nukta. Aya mpya." Hivyo hivyo kutwa nzima. Bi Nukta alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na ulimi ulishazoea. Kwenye harusi ya jirani walimpa kadi ya salamu asome mbele ya watu, naye akasimama na kusema, "Ndugu wageni waalikwa mkato, maharusi wetu wapendwa mkato..." Watu walicheka mpaka bwana harusi akaomba maji. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, na tangu siku ile jina halikumtoka.

Mwenzake wa kazi alikuwa Mzee Miwani, mwanamume mrefu, mkavu, aliyebakiza chini ya mwaka mmoja astaafu. Ndiye aliyemfundisha kazi, na siku ya kwanza kabisa alimpa sheria moja tu: soma, usielewe.

"Ukielewa umekwisha," alimwambia. "Ukielewa, jicho linakimbilia mbele kujua hadithi inaishaje, na kosa linabaki nyuma linakucheka." Akamsimulia habari za kijana mmoja aliyekalia kiti kile kabla yake. Ilikuja sheria ya mbuzi wanaozurura, kijana akakuta kifungu kinachosema mbuzi akikamatwa apewe siku saba za kujieleza. Walikusudia mwenye mbuzi. Kijana alicheka, akamwita na jirani yake aje acheke, na katika kucheka huko ukampita mstari mzima wa adhabu. Sheria ikatoka haina faini. Mwaka mzima mbuzi walikula maua ya mji na hakuna mwenye mbuzi aliyetozwa kitu. Kijana akahamishiwa stoo ya gundi.

Bi Nukta aliushika ushauri huo akaupitiliza. Alifikia hatua ya kusoma sheria ya kodi na sheria ya makaburi kwa sauti ile ile, huku moyoni anapanga mboga ya jioni. Ukimuuliza saa sita alichosoma asubuhi, atakuambia kurasa ngapi na makosa mangapi. Kilichomo, hajui. Alijivunia jambo hilo, tena alijivunia hadharani. Mazoea yana taabu, wala si taabu inayobaki kazini.

Nyumbani aliishi na mtoto wa kaka yake. Kaka alifariki binti akiwa na miaka minne, mama mtu akapata kazi ng'ambo, na tangu hapo mtoto akawa wa shangazi. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kumpita shangazi yake kwa kichwa kizima, fundi wa kuchora na fundi zaidi wa kuiga watu. Akiingia jikoni anasimama wima kama yuko kazini: "Shangazi mkato chai imeiva mkato ila sukari fungua mabano kama kawaida funga mabano imekwisha nukta." Bi Nukta anamtupia kitambaa cha vyombo. Ndivyo walivyopendana wale wawili, kwa kutaniana.

Binti alikuwa na simu aliyotumiwa na mama yake kutoka ng'ambo, ili waonane hata kwa kioo. Haikuwa na ubaya, na Bi Nukta hakuona sababu ya kuikataa. Ila tangu mvua zilipoanza, binti alipunguza utani. Kisha akauacha kabisa. Shangazi alijiambia ni umri, maana watu wazima wakishindwa kufikiri husema ni umri.

Basi siku ya Jumanne ukaja muswada wa kurasa arobaini na moja, una muhuri mwekundu wa haraka: Muswada wa Sheria ya Kumlinda Mtoto Mtandaoni. Bi Nukta akapiga funda la chai, akafungua, akaanza kusoma. Chini mashine inakata, vikombe vinagongana, Mzee Miwani anafuata kwa kalamu. Kifungu cha kwanza, cha pili, cha tano. Moyoni anawaza kama maharage yaliyobaki yatatosha watu wawili.

Akafika cha tisa. "Herufi kubwa, Mtu yeyote ambaye mkato kwa kutumia simu au chombo kingine chochote mkato anamtisha mtoto kwamba atasambaza picha ya mtoto huyo endapo mtoto hatatuma picha nyingine mkato..."

Akanyamaza.

Mzee Miwani alingoja. Alidhani anameza mate. Alipoinua uso aliona mwenzake anarudisha kidole mwanzo wa mstari, na miaka ishirini na sita hajawahi kumwona akirudia mstari.

Kwa mawazo, Bi Nukta alikuwa amerudi jikoni kwake, Jumapili, juzi tu. Simu ya binti ilikuwa mezani inachajiwa, yeye anachambua mchele. Kioo kikawaka. Jina juu yake la kike, na chini maneno marefu yasiyo na pumziko: usipotuma nyingine mpaka ijumaa wote shuleni wataiona unajua siongopi. Aliyaona yote. Aliyasoma neno kwa neno. Na kitu pekee alichokiona ni kwamba mstari mzima haukuwa na kialama hata kimoja. Binti alipoingia alimwambia, anacheka, "Huyu rafiki yako hajui hata kuweka nukta. Mlete nimfundishe." Binti alichomoa simu, akaingia chumbani na kufunga mlango. Yeye akaendelea na mchele.

Alisoma, hakuelewa. Kama alivyofundishwa.

Aliweka karatasi mezani, akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi, tuko katikati ya kifungu," alisema Mzee Miwani.

"Nimeelewa, Mzee."

"Umeelewa nini?"

"Nilichosoma."

Mzee alitia alama ya penseli pale walipoishia. Msimamizi alipopita kuuliza mbona kiti kiko wazi, Mzee alimwambia kwamba Bi Nukta ameshikwa na jino, jino baya sana, la kule nyuma kabisa.

Binti aliporudi kutoka shule alimkuta shangazi yake amekaa kwenye kochi, mkoba bado begani. Alisimama mlangoni.

"Kuna mtu anakutisha," alisema Bi Nukta.

Binti akashusha begi taratibu. "Ulisoma Jumapili."

"Nilisoma."

"Ukasema hajui kuweka nukta."

"Nilisema."

"Nikajua umeelewa ukaona ni upumbavu wangu mwenyewe," alisema binti. Sauti yake haikupanda. "Nikasema, kumbe hata shangazi ananicheka. Basi nani tena?"

Bi Nukta alitamani mashine ya chini ya ofisi yake impitie shingoni. Hakuwa mtu wa kulia, lakini alilia pale pale, bila kujificha. "Mwanangu, nisamehe. Niliona herufi, sikukuona wewe. Sina neno lingine la kujitetea."

Hapo ndipo binti alipokaa karibu yake na kusema. Ilianza na mtu aliyejiita msichana wa shule ya mji mwingine, anayependa kuchora kama yeye. Walitumiana michoro miezi miwili. Akawa rafiki wa kumwambia mambo yote. Halafu siku moja akaomba picha. Picha ilikuwaje, sitakueleza. Si yangu kuieleza wala si yako kuijua. Jua tu kwamba hakuna mtoto anayestahili kuombwa kitu kama kile, na kwamba mara tu ilipofika, yule msichana aliacha kuwa msichana. Akawa mtu mzima mwenye masharti.

"Twende polisi," alisema Bi Nukta.

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimetuma mwenyewe. Kuna mgeni alikuja shuleni kutufundisha mambo ya mtandao, akatuambia inakuja sheria mpya, atakayetengeneza au kutuma picha kama hizo atafungwa. Hakusema mtu mzima. Alisema mtu yeyote." Akafuta uso kwa mkono wa sare. "Na mimi ni mtu, shangazi."

Bi Nukta alifungua mdomo amwambie acha ujinga, haiwezekani. Akaufunga. Muswada ulikuwa mezani kwake na yeye aliishia kifungu cha tisa. Mtu aliyeishi kwa kusoma kilichoandikwa hawezi kuapa juu ya asichokisoma. Wapo wanaoweza, wengine tumewachagua kwa kura, lakini yeye hakuweza.

"Sijui," alisema. "Kesho nitausoma mpaka mwisho na nitakuletea jibu la kweli. Likiwa baya nitakuambia ni baya, halafu tutaangalia cha kufanya."

"Amesema Ijumaa."

"Kabla ya Ijumaa."

Binti akachukua simu. "Basi ngoja nifute kila kitu. Nikifuta hata yeye hana la kuonyesha."

"Usifute." Ilimtoka kabla hajafikiri, na ilitoka kazini. Kwao nakala halisi haitupwi mpaka kazi iishe, hata iwe na aibu ya makosa kiasi gani, kwa sababu siku ya ubishi ndiyo inayosema nani alikosea. Alimweleza hivyo. Wakaizima simu, wakaifunga ndani ya mfuko, na Bi Nukta akaitia kwenye kopo la sukari lililokuwa tupu kama kawaida. Usiniulize kwa nini kopo la sukari. Kila mtu ana benki yake.

Jumatano alisoma kama hajawahi kusoma. Aliuvunja mwiko wa Mzee Miwani kila mstari, akienda polepole mpaka Mzee akaanza kuangalia saa. Kifungu cha tatu alikirudia, maana jana kilimpita: kila mtoto aliye kwenye picha hizo ni mhanga na atapewa ulinzi. Akashusha pumzi. Kisha cha kumi na mbili: mtu yeyote atakayetengeneza, kumiliki au kutuma picha hizo anatenda kosa, na akitiwa hatiani kifungo miaka kumi. Nukta. Akageuza ukurasa kutafuta mstari unaosema isipokuwa mtoto mwenyewe. Haukuwepo. Mgeni wa shuleni hakuongopa.

"Mzee," alisema, "nataka kuweka swali la pembeni."

Swali la pembeni wasomaji wanaruhusiwa. Ni mstari mfupi kwenye ukingo wa prufu, wa kuwauliza wanasheria kama wamekusudia walichoandika. Kwa kawaida linahusu namba iliyorukwa au neno lililojirudia. Alipomwambia analotaka kuuliza, Mzee Miwani alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Kisha msimamizi akaingia, kwa kuwa wasimamizi wana pua. Huyu alikuwa na kalamu tano mfukoni mwa shati na hakuna hata moja iliyokuwa inaandika.

"Hapana," alisema msimamizi alipoelezwa. "Sisi tunasahihisha chapa. Hatusahihishi sheria. Wenye sheria wana digrii zao."

"Sisahihishi. Nauliza."

"Unauliza yasiyokuhusu. Huo ni muswada wa haraka, kesho Mwanasheria Mkuu ananipigia mimi simu, hakupigii wewe."

Mzee Miwani akakohoa. Mwongozo wa wasomaji aliujua kwa kichwa, maana aliusoma prufu yake mwenyewe zamani. "Mwongozo unasema sehemu mbili za maandiko zisipokubaliana, msomaji ataweka swali. Ataweka, siyo anaweza kuweka. Sasa, kifungu cha tatu kinamkaribisha mtoto ndani na kumpa kiti. Cha kumi na mbili kinamtia pingu akiwa amekaa kwenye kiti hicho hicho. Hizo zinakubaliana?"

Msimamizi alivisoma vifungu vyote viwili, midomo inacheza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga, na mwoga ukimwonyesha kanuni anapata pa kuegemea. "Andikeni," alisema. "Ila sahihi ni zenu. Mimi simo."

Bi Nukta akaandika kwa kalamu nyekundu, herufi ndogo zilizonyooka: Tafadhali thibitisha. Mtoto aliyetuma picha yake mwenyewe kwa kudanganywa au kutishwa, je, ni mhanga wa kifungu cha 3 au mkosaji wa kifungu cha 12? Akatia sahihi. Mzee Miwani akatia yake chini, yenye mkia mrefu kama ya waziri. Saa tisa mfuko wa barua za ofisi ukaondoka na prufu hiyo kwenda kwa wanasheria.

Alasiri ile alimwambia binti ukweli, kama alivyoahidi. Kwenye muswada imeandikwa vile vile alivyosema mgeni wa shuleni. Muswada bado si sheria. Ameuliza. Binti alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo hata wao hawajui," na akaenda kulala na viatu. Chakula hakukigusa. Bi Nukta alikaa mezani na sahani mbili mbele yake, anaihesabu Ijumaa kwa saa.

Alhamisi saa nne asubuhi mlango wa chumba cha prufu ulifunguliwa bila kubishwa. Akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vya chini, ile prufu mkononi. Alikuwa mwandishi wa sheria, yule aliyeuandika muswada wenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona mwandishi wa sheria akipanda ngazi zile. Huwa wanapiga simu, na wakipiga huwa ni kugomba.

"Nani kaandika hili?"

Msimamizi akakumbuka kwamba ana kazi ghorofa ya chini, akatoka. Mzee Miwani akasimama. "Sisi wawili."

"Mimi," alisema Bi Nukta. "Yeye kaniunga mkono tu."

Mwanamke akavuta kiti akakaa. Alionekana amechoka. "Tumekaa na muswada huu miezi kumi na minne. Wanasheria wanane na wataalamu wa nje, na semina tatu za hoteli. Hakuna aliyeuliza." Akaigeuza prufu. "Tulikuwa tunamfikiria mkosaji tu. Tulimfikiria kwa bidii mpaka tukamsahau mtoto." Kisha akashusha sauti. "Dada, nikuulize. Hili ni swali la kazi, au kuna mtoto?"

Bi Nukta alitazama sakafu iliyokuwa inatetemeka. Angeweza kusema ni la kazi. "Kuna mtoto. Na kesho ndiyo Ijumaa yake."

Alimsimulia, kwa ufupi, bila jina. Mwandishi wa sheria hakuandika chochote. Bi Nukta alipomaliza, mwanamke alisema, "Huu wangu haujapita, kwa hiyo haumgusi mtu. Iliyopo leo ni sheria ya watoto ya zamani, na polisi wa dawati la watoto wanaitumia kumlinda mtoto aliyedanganywa. Nimekaa nao mwaka mzima kuandika hii, nawajua. Simu mmefuta?"

"Iko kwenye kopo la sukari."

"Mwenyezi Mungu akubariki wewe na kopo lako. Wengi huja wameshafuta kwa aibu, na sisi tunabaki na hewa. Msimjibu, msimtumie kitu. Saa nane nitakuja na gari tumpitie shuleni twende wote."

Dawati la watoto lilikuwa na mlango wake wa pembeni, ili mtoto asipite kaunta kwenye walevi na wagomvi. Ndani kulikuwa na meza, viti vinne vya plastiki, pazia la maua na boksi la karatasi za kufutia machozi ambalo lilikuwa limeshatumika sana. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sweta, si sare. Binti aliingia mpaka katikati ya chumba akasimama hapo.

"Kabla sijakaa nataka kujua," alisema. "Mtanifunga?"

Afisa akaweka kalamu chini. "Nikufunge kwa lipi? Sheria iliyo mezani kwangu leo inaniambia nikulinde. Tunayemtafuta hapa ni mmoja, na si wewe."

Binti hakumtazama mwandishi wa sheria, mwenye digrii. Alimgeukia shangazi yake. Bi Nukta alijua anaulizwa nini.

"Safari hii nimesoma na nimeelewa," alimwambia. "Kaa, mwanangu."

Binti akakaa.

Walichukua simu, wakaandika maelezo, na jioni ile ile wakaiandikia kampuni ya mtandao izuie akaunti ya yule mtu na ihifadhi kila alichokiandika. Hata hivyo yule mtu aliwahi. Ijumaa asubuhi, kabla akaunti haijazuiwa, picha ilimfikia mtu mmoja: kiranja wa darasa, msichana ambaye binti alimchukia kwa sababu aliandika majina ya wapiga kelele. Kiranja huyo hakumwonyesha mtu. Alikwenda na simu yake moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, akasema kuna mtu anamwonea mwenzetu, na mwalimu akapiga simu dawati. Watoto wana akili kuliko tunavyowadhania. Binti alipoambiwa alilia sana, kisha akasema, "Na mimi nilimchora na masikio ya punda." Ilikuwa ni mara ya kwanza katika wiki nyingi Bi Nukta kumsikia akitania.

Yule mtu alikamatwa baada ya wiki tano, mji mwingine kabisa, mtu mzima mwenye kazi na familia. Alikuwa anawaandikia watoto kumi na mmoja. Wawili kati yao walishaacha shule. Nakala halisi ya kesi nzima ilitoka kwenye kopo la sukari.

Muswada nao ulikwenda kamati ya bunge na swali limebandikwa. Huko lilipata wapinzani. Mheshimiwa mmoja alisema tukiwasamehe watoto tutakuwa tumewapa ruhusa. Mwandishi wa sheria akamwomba Bi Nukta aje aseme mbele ya kamati, naye akakataa, akasema yeye ni msomaji, si msemaji, akifika pale atawasomea mikato. Aliyekubali ni binti. Hakwenda, aliandika barua fupi isiyo na jina, ikasomwa kwa sauti na karani wa kamati: "Nilikaa kimya siku thelathini na nane. Yule mtu hakunifunga mdomo peke yake. Alisaidiwa na maneno mawili ya kwenye muswada wenu, mtu yeyote. Naomba muandike kwamba si mimi." Wanasema mheshimiwa yule aliomba aisome tena mwenyewe.

Ilichukua miezi saba. Nakala ya mwisho ya sheria ilirudi chumba cha prufu mwezi ule Mzee Miwani alipokuwa anamalizia siku zake za kazi. Bi Nukta akapiga funda la chai, akaanza. Alipofika kumi na mbili alisoma bila haraka: "Fungua mabano, nne, funga mabano. Herufi kubwa, Mtoto ambaye picha yake imetengenezwa au kutumwa mkato hata kama ameituma yeye mwenyewe mkato hatakuwa ametenda kosa chini ya Sheria hii nukta."

Kalamu nyekundu haikusogea. Mzee Miwani alikuwa amevua miwani.

"Umeelewa?" aliuliza Mzee.

"Nimeelewa."

"Basi rudia. Mimi sikuona vizuri."

Akarudia. Hawakukuta kosa hata moja kwenye ukurasa ule, ingawa Mzee alikiri baadaye kwamba siku hiyo hangeapa.

Gazeti la serikali lilipotoka, Bi Nukta alinunua nakala yake dirishani kama raia mwingine yeyote, bado inanuka wino. Alifika nyumbani binti anakata vitunguu. Hakuvua hata viatu. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akafungua ukurasa, akasoma. Na kwa mara ya kwanza tangu binti amfahamu, alisoma kama watu wanavyosoma, bila mabano, bila mikato, kila neno likipewa nafasi yake.

"Mtoto ambaye picha yake imetengenezwa au kutumwa, hata kama ameituma yeye mwenyewe, hatakuwa ametenda kosa chini ya Sheria hii."

Kisu kilisimama kwenye ubao. Binti alikuwa amempa mgongo.

"Rudia, shangazi."

Alirudia, mpaka neno la mwisho.

Binti akageuka, macho mekundu, na vitunguu vikapewa lawama. "Umesahau kitu," alisema.

"Nini?"

"Nukta."

"Nukta," alisema Bi Nukta, na binti akaenda kumkumbatia na harufu yake yote ya vitunguu.